Forodha wameingia stoo usiku bila hati ya mahakama: je, sheria inawaruhusu?

Swali: Shikamoo mzee. Nauza vitenge na mashuka hapa Tanga. Ijumaa ya wiki iliyopita, saa tatu usiku, maofisa wanne wa forodha na askari mmoja walifika nyumbani, ambako chumba cha uani ndiyo stoo yangu. Nilikuwa sijarudi, wakamkuta mama mkwe. Hawakuwa na karatasi yoyote ya mahakama. Walivunja kufuli, wakapekua mpaka pochi ya mama, wakaondoka na marobota 14 pamoja na daftari langu la madeni. Walimwachia mama karatasi moja, akatia dole gumba. Marobota tisa nilichangia kontena kutoka China, matatu nilinunua Kariakoo na risiti ninazo, mawili ni ya shoga yangu aliyeniomba nimtunzie. Jana nimeitwa ofisini nikapewa fomu nisaini ili "tuyamalize". Je, walikuwa na haki ya kuingia vile? Na hiyo fomu nisaini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mpe pole na mama mkwe.

Nianze na fomu kwa sababu ndiyo inayokukimbiza. Usiisaini leo. Omba nakala, rudi nayo nyumbani, uisome na mtu anayejua sheria ya kodi. Nitakueleza huko mbele ina nini ndani yake. Kwanza tulimalize la kuingia, maana naona ndilo linalokuuma zaidi, na jibu lake halitakufurahisha.

Walikuwa na uwezo wa kuingia. Forodha ya Tanzania, Kenya, Uganda na wanachama wengine wa Jumuiya inaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Januari 2005. Kifungu cha 157 kinasema ofisa mwenye sababu za msingi za kuamini kwamba ndani ya jengo kuna bidhaa zisizokamilisha forodha, au nyaraka zinazohusu bidhaa hizo, anaweza kuingia na kupekua, mchana au usiku. Akizuiwa, anaweza kuvunja mlango. Hakimu hatajwi kabisa hapo. Hakimu anakuja kifungu kinachofuata, cha 158, ambako ofisa anaweza kula kiapo mbele yake na kupewa hati ya upekuzi. Njia ni mbili, na ofisa ndiye anayechagua apite ipi.

Najua kwa nini umeshangaa. Sote tumezoea habari za polisi. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, upekuzi wa nyumba kwa kawaida unataka hati, na ukiwa wa usiku unataka ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo mtu akisikia hodi saa tatu usiku anauliza "hati iko wapi?" Kwa polisi wa kawaida swali hilo lina nguvu. Kwa ofisa wa forodha halina, kwa sababu sheria ya Jumuiya inatangulia sheria za nchi katika mambo ya forodha, na imesema hivyo yenyewe. Nimeona watu wakigombana mlangoni kwa hoja hiyo, wakajiongezea kosa la kumzuia ofisa kazini juu ya lile la mzigo.

Lakini soma tena maneno ya kifungu polepole, kwa sababu humo ndimo ilimo nafasi yako. "Sababu za msingi za kuamini" ni maneno mazito. Fununu ya jirani mwenye kijicho, peke yake, haijafikia hapo. Taarifa kwamba mzigo fulani ulishushwa usiku kwenye bandari bubu, ukapakiwa kwenye gari fulani, ukaingizwa nyumba fulani, hiyo inafikia. Pwani yenu ya Tanga wanaiangalia kwa jicho hilo, unajua mwenyewe. Kwa hiyo katika barua utakayoandika, waulize wazi: ni sababu gani mliyokuwa nayo usiku ule kabla hamjafungua chumba? Waliyoyakuta baada ya kufungua hayawezi kugeuka kuwa sababu ya kufungua.

Kisha kufuli. Sheria inaruhusu kuvunja pale wanapozuiwa. Sasa mama alisemaje? Aliwakatalia, au aliwaambia ufunguo anao mkwe wake, yuko njiani anarudi? Kama ni hilo la pili, sioni alipowazuia. Keti naye leo jioni, akueleze hatua kwa hatua ukiandika: waligongaje, nani alijitambulisha na kwa kitambulisho gani, nani alishika nyundo, mjumbe au jirani gani alikuwepo. Andika tarehe, naye aweke dole gumba chini. Kumbukumbu ya mtu mzima ni nzuri wiki ya kwanza; baada ya miezi mitatu mwanasheria wa upande wa pili ataichanachana.

Na pochi. Upekuzi wa mtu una kanuni zake mbali na upekuzi wa jengo. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke tu. Pia anayetakiwa kupekuliwa mwilini ana haki ya kudai kwanza apelekwe mbele ya hakimu au ofisa wa ngazi ya juu, ambaye akiona hakuna sababu anaamuru aachwe. Haki hii karibu hakuna anayeijua, nami naitaja kila ninapopata nafasi. Kama pochi ilikuwa imening'inia ukutani, watasema ni sehemu ya chumba. Kama mama alikuwa ameishika mkononi na ofisa mwanaume akaichukua, hilo ni lalamiko halali, na liandike kama lilivyotokea, usiliongezee chumvi.

Daftari la madeni wana uwezo wa kulichukua kama wanaliona linahusu mzigo huo. Omba kwa maandishi upewe nakala ya kurasa zake. Bila daftari hilo hudai mtu, na wadaiwa wako watakuwa wameshasikia.

Sasa tuje kwenye marobota yenyewe. Kuna maneno matatu ambayo hata maofisa huyachanganya mdomoni: kuzuia, kukamata, kutaifisha. Mzigo uliozuiwa umesimamishwa tu wakikagua karatasi. Uliokamatwa umechukuliwa kwa madai kwamba umestahili kutaifishwa, na uwezo huo uko kifungu cha 213. Wanaweza kuutumia hata kama hakuna aliyeshtakiwa. Uliotaifishwa si wako tena. Tazama ile karatasi aliyoachiwa mama imeandikwa nini. Neno hilo moja linaamua saa yako inaanza kuhesabu lini.

Saa yenyewe iko kifungu cha 214. Mali ikikamatwa mwenyewe akiwepo, hapahitajiki taarifa nyingine. Ikikamatwa hayupo, ofisa anatakiwa ndani ya mwezi mmoja ampelekee mwenye mali taarifa ya maandishi ikiwa na sababu za kukamata. Mwenye mali naye ana mwezi mmoja wa kumwandikia Kamishna wa Forodha kwamba anaidai. Mwezi ukipita kimya, na hakuna kesi ya jinai mahakamani, mali inahesabika imetaifishwa. Hakuna hakimu anayeamua. Inajitaifisha yenyewe kwa kalenda.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapopotelea, mwanangu. Siku ishirini zinaisha wakizunguka ofisi hii na ile, wakimtafuta "mtu anayemjua mtu", wakiambiwa njoo Jumatatu, bosi yuko semina. Nilikuwa na mteja wa matairi aliyekuja kwangu siku ya thelathini na sita, na faili lake lilikuwa na karatasi zote za ushuru, zote halali kabisa. Hakuwa ameandika barua. Alikuwa amepiga simu tu.

Wewe hukuwepo, mama ndiye aliyepokea karatasi. Mwanasheria anaweza kujenga hoja kwamba mwezi wako haujaanza mpaka taarifa ikufikie mwenyewe. Hoja hiyo iweke akiba. Hesabu kuanzia Ijumaa ile ile waliyoingia, na barua iende wiki hii.

Barua haitaki maneno makubwa. Iandikwe kwa Kamishna wa Forodha wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kupitia ofisi iliyokamata, itaje tarehe, mahali, namba ya karatasi mliyoachiwa, idadi na aina ya mzigo, kisha sentensi moja iliyo wazi: "Mimi ni mmiliki wa bidhaa hizi na nazidai chini ya kifungu cha 214." Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Karani akikuambia acha tu hapa utapigiwa, mwambie kwa upole utasubiri muhuri. Keti pale pale kwenye benchi. Muhuri ule wa wino, hata ukiwa umefifia nusu, ndio utakaokuokoa.

Dai marobota 12 tu. Yale mawili ya shoga yako ayadai mwenyewe, kwa barua yake na jina lake, kwa sababu haki ya kudai ni ya mwenye mali. Ukiyaandika kwako yote 14, utaulizwa risiti za 14, na siku utakaposema "mawili hayo si yangu" hata yale 12 wataanza kuyatilia shaka. Mwambie leo, saa yake nayo inatembea.

Kamishna akipokea dai ana miezi miwili ya kuchagua: akutake wewe ufungue shauri mahakamani kudai mali, au yeye mwenyewe afungue shauri la kutaka itaifishwe. Akikutaka wewe ufungue, nawe una miezi miwili, na ukichelewa yale yale ya kalenda yanarudi. Lakini mengi huishia mezani kabla ya kufika huko, na mezani kinachozungumza ni karatasi.

Hili la karatasi ndilo zito kuliko yote niliyosema. Katika mashauri ya forodha mzigo wa kuthibitisha umegeuzwa. Kifungu cha 223 kinamtwika anayedai mali, au anayeshtakiwa, kuonyesha kwamba ushuru ulilipwa na bidhaa iliingia kihalali. Serikali haina haja ya kuthibitisha kwamba hukulipa.

Marobota matatu ya Kariakoo yana risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi. Hakikisha risiti imeandika vitenge na idadi, siyo "bidhaa mchanganyiko", na ipige picha leo, maana wino wa mashine zile hufutika. Umeyanunua ndani ya nchi kwa muuzaji anayetoa risiti, kwa bei ya soko. Hapo umesimama vizuri. Nataja bei kwa sababu kifungu cha 200 kinamshika hata aliyenunua bidhaa ambayo alipaswa kujua kwamba haijalipiwa. Kitenge kikiuzwa nusu ya bei ya duka la jirani, mahakama itakuuliza hukushangaa?

Tatizo lako liko kwenye yale tisa. Kuchangia kontena ni njia ya watu wenye mtaji mdogo, na sina ubaya nayo, bila hiyo Kariakoo nusu ingefungwa. Ila hebu fuata njia ya karatasi. Mzigo wako Guangzhou uliingia ghala la msafirishaji pamoja na wa watu thelathini. Hati ya meli iko kwa jina lake. Tamko la forodha liko kwa jina lake au la kampuni asiyoijua yeyote kati yenu. Ushuru umelipwa kwa jumla, na wewe ulilipa kwa ujazo, umepewa kikaratasi chenye alama ya robota na namba ya simu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ushuru ulilipwa, na wewe huna hata mstari mmoja wa kuuonyesha.

Nenda kwa msafirishaji wako, usimpigie, nenda. Mtake nakala ya tamko la forodha la kontena lile, stakabadhi ya malipo ya ushuru, hati ya kuruhusu mzigo kutoka bandarini, na orodha ya mizigo ya wachangiaji inayoonyesha alama yako. Ongeza ankara ya muuzaji wa China, ushahidi wa kumtumia fedha, na risiti ya EFD ya huduma aliyokufanyia. Kisha linganisha: alama iliyochapwa kwenye magunia ya marobota yako inafanana na iliyo kwenye orodha? Vitenge vimetajwa kwenye tamko, au kontena limeandikwa vyombo vya plastiki? Kama vitenge havimo, basi msafirishaji alitamka uongo, na kisheria vitenge hivyo havijakamilisha forodha hata kama ulimlipa kila senti aliyokuomba. Nimeona akina mama wakilia mezani kwa ugunduzi huo. Utakuwa na dai dhidi yake, lakini ni dai lingine, la mahakama nyingine.

Na hizo karatasi zisipopatikana, asije mtu akakushawishi "zitengenezwe". Kutoa nyaraka za uongo forodhani ni kosa lenye kifungo mpaka miaka 3 au faini mpaka dola 10,000 za Marekani. Kamatakamata ya marobota inageuka kesi ya kughushi.

Sasa fomu. Inayoitwa "tuyamalize" mara nyingi ni ya kifungu cha 219, kinachompa Kamishna uwezo wa kumaliza kosa bila mahakama. Ni njia halali na kwa watu wengine ni nafuu. Lakini ndani yake unakiri kwa maandishi kwamba umetenda kosa na unaomba Kamishna aamue. Akishaamua, anaweza kukutoza, anaweza kutaifisha mzigo, na uamuzi wake ni wa mwisho, hauna rufaa. Ukisaini leo kwa ajili ya marobota 14, umekiri kosa hata kwa yale matatu yenye risiti na mawili ya mwenzako.

Ushauri wangu ni huu. Kusanya kwanza karatasi za yale tisa. Zikikamilika, hakuna kosa la kukiri. Dai mzigo wako. Zikionyesha kwamba msafirishaji alidanganya, au kama moyoni unajua mzigo ulipita njia za panya, basi kifungu cha 219 kinaweza kuwa mlango mzuri kuliko mahakama, ambako kifungu cha 200 kina kifungo mpaka miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Hapo saini, lakini kwa yale tisa tu, ukiwa na mwanasheria pembeni, na ukijua kiasi utakacholipa kabla kalamu haijagusa karatasi. Malipo yoyote yawe kwa namba ya malipo ya serikali, upewe stakabadhi. Anayekutajia kiasi cha mkononi, huyo mpeleke TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu yao ni 113 na haitozwi.

Kuna mlango mwingine unaokwenda sambamba. Kifungu cha 229 kinampa yeyote aliyeguswa na uamuzi wa ofisa wa forodha siku 30 za kuomba mapitio kwa Kamishna. Naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu; akinyamaza, ombi linahesabika limekubaliwa. Akikataa, una siku 45 za kukata rufaa, kwa Tanzania Bara ni Bodi ya Rufaa za Kodi. Hapa ndipo pa kuweka hoja za kufuli, pochi na "sababu za msingi". Fanya barua mbili tofauti, dai la mali na ombi la mapitio, zote zigongwe muhuri siku moja.

Usitarajie sana fidia. Sheria inamkinga ofisa aliyekuwa na sababu za msingi hata kama mwisho wa yote ameonekana amekosea. Mimi siupendi upana wa kinga hiyo, wala siupendi uwezo wa kuingia chumba cha mtu usiku bila jicho la hakimu. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na ya Kenya ibara ya 31 inataja waziwazi kutopekuliwa nyumba wala kuchukuliwa mali. Msomaji wa Mombasa au Busia aliyepatwa na kama haya ana kifungu kile kile cha 157 mbele yake na saa ile ile ya mwezi mmoja. Rufaa yake tu ndiyo inakwenda kwenye baraza la rufaa za kodi la nchi yake. Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, hasira kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya kamatakamata na kuviziwa stoo, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao viwanja vya Mnazi Mmoja. Kikosi kazi cha kamatakamata hiyo kilisimamishwa, lakini vifungu vya sheria havikuguswa. Ndiyo maana nakuelekeza kwenye barua na muhuri.

Kwa hiyo leo jioni maelezo ya mama, kesho asubuhi barua zote mbili na ya shoga yako, halafu basi la Dar kwa msafirishaji. Akikuzungusha kuhusu tamko la forodha, niandikie tena ukitaja alikujibu nini hasa, na upige picha ya karatasi ile yenye dole gumba, mbele na nyuma, nione wameandika neno gani.